Mabinti wangu wa netiboli wanaacha mchezo miili ikianza kubadilika. Nifanyeje?

Mwalimu_wa_Reli (Kilosa)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa huku Kilosa. Mwaka jana mwalimu wa michezo alihama, nikakabidhiwa netiboli ya wasichana kwa sababu nilikuwa mgeni na wenzangu wote walishakuwa na majukumu yao. Nilipoanza sikujua hata kwamba ukishadaka mpira una sekunde 3 tu za kuutoa. Nikasoma sheria, nikawafuata waamuzi na maswali, na sasa mchezo huu umeniingia damuni. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Februari nilikuwa na mabinti 19. Leo wanakuja 11. Waliopotea karibu wote ni wa kidato cha pili, tena ndio waliokuwa hodari walipokuwa cha kwanza. Nina GA mmoja, yaani mfungaji wa pili, ambaye mwaka jana alikuwa akidaka mpira hewani, anatua kwa mguu mmoja na hayumbi. Mwaka huu amerefuka, amejaa, na uwanjani ni kama nimeletewa mtoto mwingine. Viwiko amevibana mbavuni. Pasi ya juu anaiacha ipite kuliko kunyoosha mikono. Anacheza na sweta la shule saa kumi jioni, na mnaoijua Kilosa mnalijua joto la saa kumi.

Nikadhani ni uvivu. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake: "Umenenepa, ndiyo maana huruki siku hizi." Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata na marafiki zake wawili hawakuja.

Nilipomsimulia mke wangu aliniuliza swali moja: "Hao watoto wanavaa nini ndani?" Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nawafundisha kuruka na sijawahi kujiuliza kama wana sidiria ya kurukia.

Kuna mengine mawili. Wavulana wa mpira wa miguu wanaosubiri zamu ya uwanja husimama nyuma ya goli letu na kuwapa mabinti majina kufuatana na maumbo yao. Nilikuwa nawasikia, nikawa napuliza filimbi tuendelee. Halafu sketi za timu: tulizirithi, zipo 10, zote fupi na zote za kubana.

Mimi ni mwanamume, nina miaka 31, na sitaki kuongea na binti wa watu juu ya mwili wake kwa namna itakayomtisha au kunitia mimi matatani. Lakini kunyamaza nako naona ndiko kunakowapoteza. Waliowahi kufundisha mabinti wa umri huu, mnafanyaje? UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya iko karibu, ila nataka warudi hata kama tutafungwa mechi zote.

---

Dada_GK (Temeke)

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Nimecheza GK, mlinzi wa goli, miaka tisa, na sasa nafundisha mabinti wa miaka 12 hadi 17, jioni tatu kwa wiki. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu huyo GA wako nilikuwa mimi.

Nilipokuwa na miaka 14, ndani ya mwaka mmoja nilibadilika kila mahali. Mwalimu wetu akaniita Tanki. Timu nzima ilicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, maana ukicheka wewe watu hawaoni kwamba umechomwa. Tulipoingia kambini nikawa usiku nagusa ugali na kuusukuma, asubuhi nakunywa chai ya rangi bila andazi. Siku ya tatu nilianguka katikati ya mechi. Wakasema ni jua.

Anza hivi: muombe radhi, na umuombe mbele ya wenzake, kwa kuwa ulimsema mbele ya wenzake. Usimwite ofisini. Kwanza si vizuri mwalimu wa kiume kumfungia binti ofisini kuzungumza mwili wake, pili maneno yale yalisikiwa na timu nzima na timu nzima inangoja kuona utafanya nini. Dakika moja inatosha. "Nilikosea kusema vile, sitarudia, na hapa hakuna atakayemsema mwenzake mwili." Kisha endelea na mazoezi. Usimkodolee macho kuona kama analia.

Sasa jambo ambalo makocha wengi hawalijui, na mimi nililijua nikiwa mtu mzima. Huyo mtoto hajapoteza kipaji. Amepewa mwili mwingine. Chukua mtoto aliyezoea baiskeli ndogo, mwamshe asubuhi umpe Phoenix ya baba yake aende nayo shule. Atayumba. Breki ziko mbali, kiti kiko juu, uzito uko mahali pengine. Binti akirefuka kwa kasi, miguu inakuwa mirefu kabla misuli haijajua kuitawala, nyonga zinapanuka, na ule mruko aliouzoea unamtupa pembeni. Hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo ni ya kipindi tu. Yeye anajua jambo moja: mwaka jana niliweza, mwaka huu siwezi, na kilichobadilika ni huu mwili. Basi anauchukia.

Kwa hiyo mwambie. Waambie wote pamoja, wa kidato cha kwanza wakiwemo, kabla hayajawafika. Mimi huwaambia mwanzo wa kila msimu: "Baadhi yenu mwaka huu mtarefuka, mtaanza kujikwaa na kukosa mipira mliyokuwa mnadaka. Ikitokea, njoo uniambie, tutaufundisha mwili upya." Mabinti wanacheka kidogo, wanatazamana, lakini siku ikifika wanakuja.

Na kweli tunaufundisha upya. Kila jioni robo saa ya kwanza ni kutua tu. Ruka, tua kwa miguu miwili, magoti yapinde na yatazame mbele, yasiingie ndani kugongana, kisha kaa hapo uhesabu hadi tatu. Baadaye mguu mmoja. Baadaye nakusukuma begani kidogo ukiwa hewani. Netiboli inakulazimisha usimame ghafla kwa sababu huwezi kukimbia na mpira, na hapo ndipo goti linapokatika. Wasichana wa umri huo wanaumia kano za ndani ya goti kuliko wavulana, kwa hiyo robo saa hiyo ni kinga. Ila faida niliyoiona zaidi ni nyingine: binti ambaye jana alikuwa anaanguka, leo anatua na kusimama kama amepigiliwa msumari, na uso wake unabadilika. Anaona mwili unamtii.

Mizani usilete uwanjani. Mimi nina daftari, naandika mipira iliyokatwa, pasi zilizofika, mara ngapi mtu ametua bila kuyumba. Na sifa zako ziseme alichofanya: umewahi pasi, umesimama vizuri, umemziba yule GS, mfungaji wao mkuu. Chunga sana sifa za upande wa pili. Ukimwambia mmoja "umepungua, umependeza", wengine kumi wamesikia kwamba macho yako yako kwenye viuno vyao. Mimi nilipotoka kambini nimekonda kwa njaa, watu wazima wanne walinisifu.

Nguo. Usiende wewe. Mtafute mwalimu wa kike au matroni, akae nao nusu saa bila wewe. Sidiria za mazoezi, zile pana zisizo na waya, zipo kwenye mitumba kwa bei ya kawaida. Zisitolewe kwa kuita majina. Ziwekwe kwenye mfuko ofisini kwa matroni, kila mtu ajichagulie. Matiti yakiruka yanauma, yanakwenda juu, chini na pembeni, na binti asiye na cha kuyashika atabana viwiko hivyo hivyo ulivyoeleza. Hapo hujaona uvivu, umeona maumivu na aibu kwa pamoja. Taulo za kike ziwe kwenye mfuko huo huo, na choo cha karibu kiwe na maji.

Sketi ziruhusu bukta au taiti ndani, na anayetaka sketi ndefu kidogo apewe. Muulize mwamuzi kabla ya mashindano ili asije akamtoa mtu nje mbele ya umati. Haya mambo hata wakubwa wameyapigania. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa bukta badala ya bikini, na baadaye mwaka huo huo sheria ikabadilishwa. Wachezaji wa kike wa mpira wa miguu wa Uingereza waliomba waache bukta nyeupe kwa sababu ya hedhi, na Kombe la Dunia la 2023 wakavaa za bluu. Kama mtu mzima anayelipwa anawaza doa kwenye bukta mpira ukiwa mguuni, mtoto wa kidato cha pili atafanyaje?

Wavulana nakuachia wewe, hiyo ni kazi yako na si ya mabinti. Ulisikia ukapuliza filimbi. Walikusikia usiposema.

Ukipata simu yenye bando, waonyeshe She Cranes wa Uganda, waliomaliza wa tano Kombe la Dunia la netiboli Cape Town mwaka 2023. Mtazame Mary Cholhok alivyo mrefu na mpana pale chini ya goli, kisha watazame wanaocheza katikati. Maumbo tofauti kabisa, timu moja. Mabinti zangu wanene waliitazama mechi yao moja wamenyamaza kimya.

---

Kocha_Mkongwe

Naheshimu maoni ya dada hapo juu lakini tusiwadanganye watoto. Mwili mzito haukimbii. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu ya mabinti chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia India mwaka 2022 kwa nidhamu na mazoezi magumu, hawakubembelezwa. Mchezaji akiongezeka uzito kocha ana haki ya kumwambia. Siku zetu tulitukanwa na tukawa wanamichezo. Mwalimu, ongeza mizunguko ya kukimbia, watakaobaki ndio wachezaji.

---

Nesi_Pangani

Kocha Mkongwe, shikamoo. Naomba nikujibu kwa upande wangu, maana wanaoshindwa na hiyo mizunguko huishia mbele ya meza yangu.

Binti wa miaka 14 kuongezeka uzito ndiyo kazi ya mwili wake wakati huo. Mifupa inakua, damu inaongezeka, mafuta yanajiweka kwenye nyonga na mapaja kwa sababu mwili unajiandaa kuwa wa mwanamke. Ukimtisha ale kidogo huku unamkimbiza zaidi, mwili unaanza kubana matumizi. Moja ya vitu vinavyofungwa mapema ni hedhi. Nimekutana na mabinti waliokaa miezi mitatu, minne, bila kuona siku zao, na mama kaja naye akiwa na hofu ya mimba. Mtoto hana mimba, hali chakula cha kutosha tu. Baada ya hapo mifupa inadhoofika, unaona maumivu ya mguu yasiyoisha, na ukipiga picha kuna ufa mdogo. Wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wameyaandikia haya tangu 2014 wakiwataka makocha wayajue. Hedhi kukatika si dalili ya kuiva kimazoezi, mara nyingi ni dalili ya njaa.

Na mwalimu, nakuuliza kama nesi: mabinti wako wa kutwa wamekula nini tangu asubuhi? Wengi wanakunywa uji saa nne na hawagusi kitu hadi warudi nyumbani. Mazoezi yako yanaanza saa kumi. Huyo unayemwona mzito huenda tumbo ni tupu na damu ni pungufu. Karanga za kukaanga, kiazi kitamu, muhogo, kipande kimoja kabla ya filimbi, utaona tofauti bila kumwambia mtu apungue. Na mle pamoja, wewe ukiwemo. Binti aliyeanza kuogopa chakula anahitaji kuona watu wanakula bila maneno.

Kuhusu Serengeti Girls: waliifunga Ufaransa 2-1 kule India. Hakuna timu inayoifunga Ufaransa ikiwa na njaa.

---

Bi_Ng'ambo (Unguja)

Ndugu mwalimu, assalamu alaykum. Mie nafundisha skuli Unguja, nina timu ya mpira wa mikono ya watoto wa kike. Nakuongezea moja tu, lile sweta.

Usilivue kwa nguvu na usilifanye sheria. Kwetu wapo wanaojisitiri kwa dini, hao wana raha na nguo zao, na kazi yangu ni kuwatafutia kitambaa chepesi. Fundi anawashonea jezi za mikono mirefu, mtandio wa kichwa una lastiki na hauna pini, maana pini ikimchoma mwenzio shingoni mchezo umekwisha. Wanakimbia, wanarusha, hawashughuliki na nguo tena. FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza nayo Kombe la Dunia 2023, kwa hiyo hapana wa kukwambia haiwezekani.

Lakini yupo na yule anayejificha. Huyo hana raha. Utamwona anavuta nguo, anatazama nani anamwangalia, jasho linamtiririka na hafungui. Sweta ni moja, sababu ni mbili, na ukiwachanganya utawakosea wote wawili. Yule wa kwanza mheshimu chaguo lake, yule wa pili muondolee kinachomtisha na sweta atalivua mwenyewe siku yake ikifika. Mie nilikuwa na mmoja alikaa muhula mzima.

Na wazazi watembelee. Mama mmoja alimkataza mwanawe kucheza kwa kuwa mtaani walimwita jikedume. Nilikwenda nikakaa naye barazani, nikamweleza mwanawe anavyowapanga wenzake uwanjani. Hakuwahi kuambiwa jambo jema la mtoto yule na mwalimu yeyote.

---

Mwalimu_wa_Reli (Kilosa)

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Sikunyamaza kwa dharau, nilikuwa natekeleza.

Radhi niliomba Jumatatu. GA hakuwepo, lakini nilijua zitamfikia, na zilimfikia siku hiyo hiyo. Alhamisi alikuja, akakaa kwenye tofali pembeni ya uwanja. Nikampa lile daftari la Dada_GK, akawa ndiye anayeandika mipira iliyokatwa. Alikaa pale wiki nzima. Wiki ya pili akaanza kusimama kwenye robo saa ya kutua, na sweta lake mwilini. Sikumwambia kitu.

Mwalimu wa Kiswahili, ambaye mabinti wanampenda, alikwenda gulioni na shilingi 30,000 tulizochanga ofisini. Alirudi na sidiria tisa na pakiti za pedi. Mfuko uliwekwa kwa matroni Jumanne, Ijumaa ulikuwa mtupu. Sketi fundi amezifungua mishono na kuziongezea kitambaa pembeni, zimekuwa za rangi mbili. Mabinti wenyewe wanasema ni nzuri kuliko za shule nyingine, na mimi naamini hivyo.

Wavulana niliwafuata mwenyewe. Niliwaambia nilichokisikia, neno kwa neno, na kwamba nilikosea kunyamaza. Mwalimu wao amekubali waanze mazoezi saa ile ile kwenye kiwanja cha upande wa reli, kwa hiyo hakuna tena kusubiri nyuma ya goli. Wawili walikuja kuomba radhi bila kutumwa.

Nesi, ulisema kweli na imeniuma. Niliwauliza, na kati ya 11 waliokuwepo siku hiyo, saba hawakuwa wamekula kitu tangu uji. Sasa tunachemsha viazi, kila mtu analeta kimoja.

Wanakuja 15. Wanne hawajarudi, na mmoja kati ya hao ameniambia hatarudi. Nimemwambia nafasi yake ipo.

Juzi GA alinyoosha mikono akadaka pasi ya juu. Alitua vibaya, akacheka, akasema "Phoenix", maana mfano wa baiskeli niliwapa wote. Robo ya mwisho alilivua sweta, akalifunga kiunoni.

Sasa nina hofu mpya. Jumamosi tunacheza ugenini, na kule watazamaji husimama hadi mstarini, vijana wa bodaboda na wote. Maneno yao siwezi kuyazuia kama nilivyowazuia wanafunzi wangu. Dada_GK, ugenini huwa unafanyaje?

---

Dada_GK (Temeke)

Mwalimu, nimemsomea mume wangu hapo kwenye "Phoenix".

Nenda mapema, saa moja kabla, na ubebe kamba. Kilosa mkonge haujawahi kukosekana. Izungushe uwanja wote, mita tatu kutoka mstarini, ifunge kwenye vijiti kabla umati haujafika. Muombe mwalimu mwenyeji mfanye pamoja ili isionekane mmeleta ugomvi. Watu wakikuta kamba imeshafungwa husimama nyuma yake, wakikuta uwanja wazi huingia. Upande wa goli uwaweke wadogo wenu wa kidato cha kwanza na ngoma, ili sauti ya karibu zaidi na masikio ya GA iwe ya kwao. Na viazi msisahau.